Upande wa Kulia wa Kichwa Chake

Mutu akikupiga kofi, kwetu unaweza kumusamehe. Akikumwagia maziwa chini, hapo ni habari nyingine. Miye nimezaliwa kwenye vilima vya Masisi, kwa baba mwenye ng'ombe, na toka utotoni niliambiwa kwamba maziwa hayamwagwi, hayarukwi, hayanywewi ukiwa umesimama, na yakianguka kwa bahati mbaya unainama unayafuta kwa mukono kama mutu anayeomba radhi. Sasa jirani yangu alinimwagia dumu zima, bidoni nzima ya mashanza, maziwa yetu ya kugandisha, hapa Murara, muchana kweupe, mbele ya avenu yote, mutaa mzima. Na alifanya kusudi. Nasema mapema ili mujue ninaongea nikiwa na moyo gani. Sijasamehe.

Tulikaa naye uzio kwa uzio miaka kumi na mitano. Yeye hakuwa wa kabila langu, na hilo halikuwa na maana yoyote siku za kawaida. Alikuwa mama prezidante wa wamama wa kanisa lake, mutu wa sauti kubwa na kicheko kikubwa, na kila asubuhi alikunywa mashanza yangu. Binti yangu alipobatizwa, yeye ndiye alimubeba. Mume wangu alipokufa, yeye ndiye alinifunga kitambaa kichwani, sababu mikono yangu ilikuwa haisikii. Wamama wenzake wote walinunua kwangu kwa sababu yake. Nilikuwa nawajua mmoja mmoja, nani anapenda nzito, nani anapenda nyepesi, nani tumbo lake halitaki ya jana.

Halafu vita vilikaribia muji, na maneno yakaanza. Munajua maneno hayo. Ati bale, yaani sisi, ati batu ba ng'ombe, ati wanaweka sumu katika maziwa. Nilipita nayo kama mutu anapita kwenye vumbi, nikafunga mudomo. Nilijua kwamba jirani yangu ananijua.

Asubuhi ile alikuwa amesimama barabarani na wamama kama saba hivi. Nilikuja na bidoni yangu kama kawaida, imetoka Kibumba kwa pikipiki, bado ina baridi ya kule. Akanyosha mukono, nikamupa, nilifikiri anataka kunisaidia. Akafungua kifuniko, akaipindua. Hakuniangalia usoni. Aliangalia bidoni, aliangalia maziwa yakishuka, akasema, "Tumechoka na batu bale." Basi. Murara ni mawe ya volkano matupu, meusi, yenye matundu. Maziwa hayakutulia hata kidogo, yaliingia yakapotea, ikabaki weupe kidogo juu ya ncha za mawe. Nilipiga magoti nikapangusa kile kidogo. Wamama walifikiri ninalia. Nilikuwa ninafuta, kama nilivyofundishwa.

Toka siku hiyo hakuna mama hata mmoja wa kanisa lile aliyenunua kwangu tena. Nilihama, nikapanga chumba upande mwingine wa Murara, nikauzia barabarani watu wasionijua. Na kitu nilichotaka kilikuwa kimoja tu, sikukificha hata mbele ya Mungu nikisali: nilitaka yule mwanamuke, kwa mudomo wake, mbele ya wamama walewale, aseme maziwa yangu yalikuwa safi. Na nilitaka aseme huku ananiangalia usoni.

Miaka ikapita. Siku moja akanijia pale barabarani mwanamuke kijana, mupole, amefunga kitambaa chekundu kichwani. Alikuwa ameolewa kutoka Butembo, hajui mambo ya avenu. Akasema mama mukwe wake alipata AVC, kiharusi, mukono wa kushoto umelegea, na hataki chakula kingine zaidi ya mashanza. Je, ninaweza kuwa ninaleta nyumbani kila asubuhi? Nikamuuliza ni parseli gani, nyumba ipi. Aliponielekeza, nikajua ni kwa yule jirani yangu wa zamani. Nikasema nitaleta.

Kesho yake nilisimama kwanza mbele ya mulango wa ile parseli, bidoni mukononi. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Nilikuwa na hasira mpaka meno yaliuma, ikabidi nisubiri kidogo ipungue, la sivyo ningeanza kupiga kelele nikiwa bado nje. Nikaingia.

Alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha plastiki, amekonda. Aliniangalia. Aliniangalia usoni kabisa, taratibu, na hakuna kitu kilichotikisika machoni mwake. Si haya, si woga, hata chuki hakuna. Halafu akamugeukia mukwe wake, akasema, "Huyu ni wa kule, bale ba ng'ombe. Angalia vizuri kama hajaweka kitu."

Nikaweka bidoni chini, nikatoka bila kusema hata neno moja. Nilidhani ni kiburi. Haki ya Mungu, nilidhani hicho ndicho kiburi kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuona, mutu kukuangalia machoni na kujifanya hajawahi kukuona.

Yule mukwe alinikimbilia barabarani. "Mama, musikasirike," akasema. "Mama mukwe toka augue hajui sura za watu. Hata miye ananijua kwa hiki kitambaa. Nikikivua ananiuliza nimuitie mukwe wake. Watu wa kanisa anawajua kwa sauti, kwa nguo, kwa mwendo. Lakini tafadhali musiseme popote. Wakijua watamuondoa kuwa prezidante, na hicho ndicho kimebaki kinamuamusha asubuhi."

Nilirudi nyumbani nikakaa. Binti yangu, yule aliyebebwa kwenye ubatizo, sasa anasoma uuguzi. Jioni alikuwa anakata avoka, yaani parachichi, nikamuuliza kama ugonjwa wa namna hiyo upo, ama ni uongo wa watu. Akainua zile nusu mbili za avoka.

"Kichwa nacho kiko hivi, mama. Nusu mbili. Si kama kuna ukuta katikati, zinasaidiana, mwalimu wetu anatukatalia kusema moja inafanya hiki peke yake na nyingine kile. Lakini kuna kazi ambazo upande mmoja unazipenda zaidi. Huku kulia, nyuma, ndiko zaidi kunakosema: huyu ni mama yangu, huyu ni fulani wa fulani. Huku kushoto kunapenda kupanga watu kwa mafungu. Huyu ni mwanamuke, huyu ni muuzaji, huyu ni wa kabila hili. Kwake upande wa kulia ndio umeumia. Na mikono inapishana, ndiyo maana uliolegea ni wa kushoto. Fungu analiona. Mutu hamuoni tena."

"Kwa hiyo ameniona miye kama fungu."

"Ndiyo, mama. Ugonjwa."

Nilicheka, kicheko kibaya, mpaka mutoto akaweka kisu chini. Nikamwambia, "Siku aliponimwagia maziwa hakuwa mugonjwa. Nusu zote mbili zilikuwa nzima."

Nilifikiri juu ya baba usiku ule wote. Baba hakuwahi kuhesabu ng'ombe wake, kwetu si vizuri kuwahesabu. Wakirudi jioni alisimama tu mulangoni mwa zizi, akawaangalia usoni wakipita, kisha akasema, "Yule wa paji jeupe hayuko." Mugeni mmoja alimuuliza anawezaje, ng'ombe wote si wanafanana? Baba alimuangalia kwa huruma ya kweli, akamuongezea maziwa. Sasa niambieni, mutu anayeweza kumujua ng'ombe kwa sura ni wa namna gani, na yule anayemwaga maziwa ya jirani wa miaka kumi na mitano bila kuinua macho ni wa namna gani?

Basi nikaamua kujifanya bubu. Binti yangu alikuwa amesema sauti inapita njia nyingine, kwa hiyo nikikohoa tu angeweza kunijua. Kila asubuhi nilisimama mbele ya mulango mpaka hasira ipungue, nikaingia, nikatikisa kichwa, nikamimina. Yule mukwe alizoea, akafikiri mimi ni mutu wa maneno machache, miye ambaye soko lote linanijua kwa mudomo. Na nilibaki nimesimama nikimuangalia akinywa. Maziwa yaleyale, ya ng'ombe walewale wa Kibumba, yaliyopita Kibati kwenye barabara ileile. Alikunywa kikombe chote, akalamba mudomo, akasema, "Bale batu, kama hawaweki kitu, maziwa wanajua." Nilisikia utamu tumboni. Kunywa, mama prezidante. Kunywa sumu yetu.

Utamu huo ulidumu wiki tatu, halafu ukachacha. Kisasi gani hiki, anayelipizwa hana habari? Nilikuwa nimesimama mbele ya adui yangu kila siku, na kwake sikuwepo. Alikuwa amenimwaga mara ya pili, na safari hii hata bila kunyosha mukono. Nilianza kuamuka na maumivu ya kifua.

Hapo ikatokea sikukuu ya wamama wa kanisa lake. Mwaka huu ilifanyika kwake nyumbani, kwa sababu ya hali yake, na wote walishona kikwembe kimoja, kitambaa kilekile, cha kijani chenye ndege weupe. Yule mukwe alikuwa na wasiwasi. Akaniambia ni desturi yao, prezidante anapita kwenye mustari, anasalimia kila mama kwa jina lake na kumubariki. "Siku nyingine anawajua kwa nguo," akasema. "Sasa wote watavaa moja. Lakini nitakuwa nyuma yake, nitamunong'oneza majina."

Nilitikisa kichwa, nikaenda moja kwa moja Virunga sokoni, nikanunua kile kikwembe cha kijani, nikampa fundi. Musinihukumu haraka. Ama hukumuni, ni sawa, nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimeagizwa kuleta bidoni tatu asubuhi. Nilizichelewesha mpaka wamama wote wamekwisha kusimama mustari uani. Nikazipeleka jikoni, nikamuonyesha yule mukwe kwa ishara kwamba zinavuja, zihamishwe haraka kwenye masufuria. Hazikuwa zinavuja. Akakunja mikono ya nguo akaanza kumimina, masikini, na nje prezidante akaanza mustari peke yake.

Nilivua koti. Ndani nilikuwa nimevaa ndege weupe. Nikaenda nikasimama mwisho wa mustari. Mama aliye karibu nami alinitambua, yule ambaye tumbo lake halitaki maziwa ya jana. Alifungua mudomo akaufunga tena.

Prezidante alianza vizuri. Wa kwanza alimusalimia mwenyewe kwa sauti, akamujua. Wa pili alikuwa na kikohozi chake. Wa tatu alinyamaza tu, akitabasamu, akingoja jina lake kama desturi inavyotaka, na prezidante akataja jina la mwingine. Huyo mwingine alikuwa mbele kidogo, akasema, "Miye niko huku, mama." Watu wakacheka kidogo, cheko la heshima. Kwa wa nne akakosea tena, akamwita kwa jina la mama aliyekufa mwaka uliopita. Hapo hakuna aliyecheka. Niliona jasho likimutoka kwenye mashavu, niliona mukono wake wa kulia ukitafuta kitambaa chekundu nyuma yake na haukipati. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi mpaka magoti.

Akaacha mustari. Alikuja upande wangu haraka, ule mwendo wake wa kuburuta, kama mutu anayetafuta mulango kwenye moshi. Aliona kikwembe. Akanishika mukono, akanivuta kifuani kwake, akasema kwa sauti wote wasikie, "Huyu ni wetu, huyu." Halafu, mudomo ukiwa sikioni mwangu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, akasema, "Dada, nisaidie. Siwaoni. Niambie majina."

Niliyajua majina yote. Nani anapenda nzito, nani anapenda nyepesi, niliwajua wote toka wa kwanza mpaka wa mwisho, na wengine niliwajua na majina ya watoto wao waliokufa wadogo. Ningeweza kumunong'oneza mustari mzima na hakuna ambaye angejua. Alikuwa amenishika kwa nguvu. Harufu ya maziwa yangu ilikuwa kwenye pumzi yake.

Nikasema, kwa sauti yangu, "Miye si wenu. Ni miye."

Mukono wake ukaganda juu ya wangu. Sauti imefika, nikaona imefika, macho yakaanza kunitafuta usoni mwangu, huku na huku, pua, mudomo, paji, na hayanipati.

"Ni weye," akasema.

"Ni miye wa mashanza. Kila siku ni miye. Kikombe cha leo asubuhi ni changu." Nikawaonyesha wamama kwa mukono. "Niambie kitu kimoja mbele ya hawa. Siku ile barabarani, ulimwona nani? Uliniona miye, ama uliona fungu?"

Nilikuwa nataka aseme fungu. Nilikuwa nimejitayarishia hivyo, na jibu la kumupiga nalo nilikuwa nalo mudomoni. Angesema tu hakuniona, kwamba ilikuwa siku mbaya, kwamba woga ulimufunga macho, ningemwambia mbele ya wote: sasa Mungu amekufunga kweli. Niliyafanyia mazoezi maneno hayo.

Akasema, "Nilikuona weye. Nilikujua vizuri sana. Sikukuangalia sababu nilikujua."

Akaendelea, sasa kwa ile sauti yake ya zamani, ya prezidante. "Maziwa yake haikuwa na kitu. Miaka kumi na mitano nilikunywa. Nilijua haina kitu, na nikamwaga. Nilitaka munione niko pamoja nanyi."

Basi, nilikipata. Kile nilichokiomba miaka yote, kwa mudomo wake, mbele ya wamama walewale, na ananiangalia usoni. Ila uso wangu haukuwepo pale alipokuwa anaangalia. Jibu langu lililotayarishwa halikuwa na pa kwenda, nikabaki nalo. Nikamukalisha kwenye kiti, maana kwetu haunywi umesimama, nikaenda jikoni nikaleta kikombe, nikamupa mbele yao. Akanywa. Yule mukwe alikuwa amesimama mulangoni mwa jiko, mikono imejaa maziwa, na ananiangalia kwa namna ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka.

Jumapili iliyofuata walichagua prezidante mwingine. Wamama wanne wameanza tena kununua kwangu, wengine wanapita upande wa pili wa barabara kwa haya, na miye siwaiti. Watu wananiambia sasa yaishe. Binti yangu hakunisema, lakini siku mbili hakula mezani pamoja nami.

Maziwa bado napeleka. Niliweka sharti langu: hanywi mpaka ataje jina langu, langu lote, na la baba yangu, na la kilima nilikotoka. Kila asubuhi nasimama mbele ya mulango mpaka hasira ipungue, naingia, nasema neno moja tu ili asikie sauti, anataja, namimina. Akikosea kilima, nangoja. Anajua nitangoja. Nilitaka kila siku ya maisha yake iliyobaki aanze kwa kujua ni nani anamumiminia.

Jana nilikuwa bado nje, mulango haujafunguka, sijasema hata neno. Nikasikia kutoka barazani anataja jina langu. Lote, na la baba, na kilima.

Nikaingia nikamuuliza ni nani amemwambia.

"Hakuna," akasema. "Wengine wote wanafika, wanaingia. Ni weye tu unafika, unasimama kwanza."

Nilimimina. Kikombe kilifurika, matone mawili yakaanguka sakafuni, nikainama nikayafuta kwa mukono. Kesho nitaingia bila kusimama. Tuone atanijulia wapi.